Maziwa ya Jioni

Chelangat mwanangu,

Sanduku lako liko mlangoni na baba yako amelikalia, kana kwamba litaondoka bila wewe. Mambo ya sweta, ya kula vizuri, ya kuficha simu ukiwa stejini, hayo umeambiwa na shangazi zako mchana kutwa, na nilikuona ukiitikia huku mawazo yako yameshafika chuoni. Mimi sina la kuongeza hapo. Una digrii moja tayari. Umekaa nayo hapa nyumbani ukichuma chai pamoja nasi mpaka vidole vikawa vyeusi kama vyangu, na sasa chuo kikuu kimekuita ukawe mtafiti msaidizi. Mtu wa namna hiyo hafundishwi kuanika nguo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu lugha yetu nilifundishwa kuisema tu, kuiandika hapana. Na ninaandika badala ya kusema kwa sababu nikisema nitalia, nawe utaacha kunisikiliza uanze kunibembeleza. Nakujua.

Nataka kukueleza habari ya maziwa ya jioni. Unaijua nusu, kama kila mtu wa kilima hiki anavyoijua, kwa maneno yanayokatizwa mtoto akiingia jikoni. Lakini kesho unakwenda kufanya kazi na watu wale wale waliokuja kutuuliza habari ya maziwa, na leo wanawake wamekuja hapa na ombi lao. Afadhali uipate yote kwangu kuliko vipande kwa watu.

Wewe umekua ukiona mambo haya yakilegea, kwa hiyo nitaanza mwanzo. Kwetu maziwa ya asubuhi ni ya mwanamume. Yanauzwa, na pesa anapokea yeye. Ya jioni ni ya mwanamke. Mwanamume mwenye heshima zake hachunguzi maziwa ya jioni, kama vile mimi siingizi mkono katika mfuko wa koti la baba yako. Nilipoolewa, kogo wako, mama yake baba yako, alinipa kibuyu chake cha kugandishia maziwa ya mursik, akanionyesha jinsi ya kukisugua ndani kwa kijiti kilichounguzwa, kisha akaniambia, "Hii ya jioni ni yako. Usiulize mtu ruhusa." Katika maisha yangu yote hakuna kitu kingine nilichopewa kwa maneno hayo. Shamba si langu, ng'ombe si wangu, na majani ya chai yanapimwa kwa namba ya baba yako. Lakini jua likishuka na nikikaa kwenye kigoda na ndoo yangu, kilichoingia humo kilikuwa changu.

Kilichobaki baada ya chai yenu na mursik nilikiuza kimya kimya kwa walimu na kwa watu wa nyumba za kampuni ya chai. Sabuni ilitoka hapo, na chumvi, na kalamu. Ile sketi yako ya kwanza ya shule, ambayo ulikataa kuivua hata kulala, ilitoka hapo.

Ulikuwa bado shule ya msingi chuo kilipokuja. Walikuwa wanatafuta mahali ambapo kaunti ingejenga kituo cha kupozea maziwa, na kazi ya chuo ilikuwa kujua maziwa yako wapi. Chifu alitangaza kanisani kwamba popote kituo kitakapojengwa, barabara ya huko itamwagwa mawe na kushindiliwa. Sote tulifurahi. Unakijua kile kipande cha mtoni, udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha hata mbuzi anafikiria mara mbili.

Aliyetumwa kwetu alikuwa kijana mrefu, viatu vimejaa matope, aliyekataa kiti mpaka baba yako akae kwanza. Aliuliza maziwa ya asubuhi, baba yako akajibu sawasawa, hakuficha hata kidogo. Kisha baba yako alitoka kwenda kufukuza ndama aliyeingia kwenye chai, na kijana akanigeukia. Kumbuka jambo hili, kwa sababu nimesikia watu hapa wakisema kwamba wasomi wale hawakujua kuuliza. Alijua. Aliniuliza, "Na ya jioni, Mama, ni kiasi gani?"

Nikamwambia, "Jioni ndama ndiye anakunywa."

"Yote?"

"Yote."

Alichungulia nje akamwona yule ndama akikimbizwa, mbavu zote nje. Akaniangalia. Nami nikamwangalia, sikupepesa macho. Akaandika kama nilivyosema.

Usifikiri nilikuwa mjinga. Tulikuwa tumesikia kwamba maziwa yote ya kituo yatalipwa na ushirika kwenye akaunti, na akaunti ni ya mwenye shamba. Nilipiga hesabu yangu upesi. Maziwa ya jioni yakishaandikwa na watu wa chuo, yanajulikana. Yakijulikana, yataulizwa kwa nini hayaendi kituoni. Yakienda kituoni, nitaanza kumwomba baba yako pesa ya sabuni, na yeye ni mtu mwema lakini sijawahi kuona mwema asiyechoka kuombwa. Kwa hiyo nilikinga kitu changu. Hata leo, nikijirudisha pale pale nikiwa na yale niliyoyajua siku ile, sioni jinsi ambavyo ningejibu vingine.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Jioni ile ile nilimwita jirani yetu Mama Weldon kutoka ng'ambo ya michai yetu, nikamwambia alichouliza kijana na nilichojibu mimi. Akacheka mpaka akashika kiuno. Yeye akamwambia dada yake, dada yake akawaambia wanawake wa kwaya, na mpaka wiki ilipokwisha kilima kizima kilikuwa na jibu moja. Ndama anakunywa. Kwa hesabu tuliyowapa, ndama wetu walipaswa kuwa wakubwa kama lori.

Chuo kilirudi kutusomea walichopata. Hilo pia uliweke moyoni, kwa sababu wengi huchukua majibu ya watu wakapotea nayo. Alikuja profesa mwenyewe, mama mmoja aliyevaa gambuti kama sisi, akasimama mbele kanisani akasema pole pole kwa Kiswahili rahisi. Kilima hiki, akasema, kina chai nzuri, lakini maziwa yake yanatosha nyumba na ndama tu. Ng'ambo ya mto kuna maziwa zaidi. Ushauri watakaoipa kaunti ni kwamba kituo kijengwe ng'ambo.

Wanaume walitutazama sisi, sisi tukatazama sakafu. Yule mama akafunga karatasi zake nusu, kisha akauliza, "Kuna mtu ana la kusahihisha? Sisi si malaika. Tunaweza kuwa tumekosea."

Nilikuwa benchi la tatu. Baba yako alikuwa upande wa wanaume, mbele kidogo, na niliona shingo yake. Nilijua kwamba nikisimama nikasema kuna maziwa mengine, nitakuwa nimemvua nguo mbele ya kanisa, mwanamume asiyejua kinachokamuliwa nyumbani kwake. Mama Weldon alinigonga ubavuni kwa kiwiko. Mpaka leo sijui alitaka nisimame au nikae. Nilikaa. Profesa alingoja kidogo, akashukuru, tukafunga kwa maombi. Uongo nilioutoa nyumbani nimeshajisamehe. Ule ukimya wa kanisani sijauweza.

Yaliyofuata uliyaona kwa macho yako. Kituo kilijengwa ng'ambo, na mawe yakamwagwa upande wao mpaka ukingo wa mto, yakaishia hapo. Wachuuzi wa pikipiki wakawa ndio wanaotupangia bei, na wakati wa mvua walikuwa hawaji kabisa. Tulimwaga maziwa. Nilimwaga maziwa kwenye sukuma wiki, mimi niliyelelewa kuambiwa kwamba ukimwaga maziwa unamwaga mtoto wa mtu. Ndipo baba yako akanunua ile pikipiki iliyokwisha kutumika, na kaka yako Kibet, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kukaa bila karo ya chuo cha ufundi, akaanza kubeba maziwa ya majirani kupeleka ng'ambo kila alfajiri.

Sijawahi kukueleza asubuhi ile, na wewe ulikuwa shule ya bweni. Ilikuwa imenyesha tangu usiku. Nilimwambia angoje, akaniambia, "Mama, maziwa haingoji." Alikuwa na mitungi miwili nyuma. Kwenye mteremko wa mtoni alikutana na lori la majani ya chai likipanda, akajaribu kulipisha, na udongo ukamchukua. Dereva hakuwa na kosa. Watu walikuja kunifuata nikiwa kwenye chai na kikapu mgongoni, na nilishuka nacho mpaka chini bila kujua nimekibeba. Mtungi mmoja ulikuwa umesimama wima kando ya barabara, mfuniko umefungwa, na hakuna tone lililomwagika. Ndugu yako walikuwa wameshamfunika kwa gunia la majani.

Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hatukuficha maradhi, Chelangat, tulificha riziki, na kifo kikatuumbua vile vile.

Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kutawanyika, baba yako alisema jambo ambalo hajalirudia. Alikuwa amekaa pale pale unapomwona sasa. Akasema, "Ungesema tu, Mama Kibet. Mimi nilijua hiyo maziwa. Wanaume wote tulijua. Nani angekunyang'anya?"

Nikamuuliza, "Kama ulijua, mbona wewe hukusema kanisani?"

Kisha akasema, "Haikuwa yangu ya kusema."

Nilimkasirikia mwaka mzima kwa jibu hilo. Nilimpikia na kumfulia nikiwa nimemkasirikia. Kisha nikaona kwamba alikuwa anasema kweli. Alikaa kwenye benchi lake akilinda heshima yangu, nami nikakaa kwenye langu nikilinda yake, na kati yetu hakuna aliyemlinda mtoto. Kama kweli asingeninyang'anya, au anasema hivyo kwa sababu sasa hakuna cha kunyang'anya, hilo sitalijua kamwe. Nimeacha kulitafuta.

Na kituo chenyewe unajua kimeishia wapi. Kumbe watu wa ng'ambo nao walikuwa wamewadanganya watafiti. Sisi tulipunguza, wao wakaongeza. Mwenye ng'ombe mmoja alisema watatu, kwa sababu walitaka kituo. Mtambo ukaletwa mkubwa, ukawa haujai hata nusu, umeme ukawashinda kulipa, ukafungwa. Nilipita pale nikienda sokoni Chepilat, nikaona kufuli limeota kutu na kuku wanataga dirishani. Maziwa yao na yetu pamoja yangeujaza. Sasa yao na yetu yanapelekwa Chepilat kwa pikipiki, kwa mteremko ule ule na zaidi.

Sasa nifike kwenye mambo ya leo. Ulipokuwa umekwenda kumuaga mwalimu wako, Mama Weldon alikuja na wanawake wa chama, wakiwa na yule mtetea uliyemkuta jikoni. Walikuwa wamevaa nguo za kanisa, nikajua si salamu tu. Wamesikia kwamba chuo kinarudi, kwamba kaunti inataka kituo kingine, na kwamba wewe utakuwa miongoni mwa wanaouliza.

Mama Weldon akasema, "Mama Kibet, huyu mtoto ni wa sisi wote. Harambee ya karo yake tulifanya sisi."

"Ni wenu," nikasema.

"Basi atuangalie. Aandike tuko na maziwa mingi. Asubuhi mingi, jioni mingi."

"Maziwa gani? Kwako kuna ng'ombe mmoja, na huyo amekauka."

"Hao watu wa ofisi watajua aje? Si yeye ndiye ataandika?"

Nikaanza kumwambia habari ya kituo cha ng'ambo na kuku wake. Hakuningoja nimalize. Akaweka kikombe chini, akasema bila hasira, "Wako alishaenda. Wangu bado anapita hapo kila siku."

Unajua Weldon ndiye anayebeba maziwa sasa. Pikipiki ni ile ile, aliuziwa na baba yako. Niliwaambia nitaongea nawe lakini siahidi. Waliondoka wameacha chai nusu vikombeni, na unajua kwetu huko ni kusema wameudhika.

Nimekaa na neno hilo tangu walipoondoka. Nitakuambia ukweli, moyo wangu wa kwanza ulikuwa upande wao. Nilitaka uandike maziwa mengi, uandike mito ya maziwa, ili barabara ije na Weldon aache kupita pale. Ningeweza kukuomba na ungekubali, kwa sababu hujanikatalia jambo tangu tumzike Kibet, na hiyo ndiyo sababu naogopa kukuomba kitu.

Usiandike hivyo, mwanangu. Sisemi hivi kwa kuwa mimi ni msafi. Nasema kwa kuwa nimeishi katika hesabu ya uongo, najua inavyokaa. Ukituandikia maziwa tusiyokuwa nayo, watatuletea mtambo wa kufungwa kufuli, kisha watasema watu wa kilima kile walipewa wakashindwa, na hakuna atakayerudi tena maishani mwako. Ng'ombe wamebaki wachache. Wengine tuliwauza mmoja mmoja, kwa sababu ya bei, kwa sababu ya barabara, na nyumba hii tuliwamaliza kwa sababu baba yako hakuweza tena kutazama mtungi. Andika hivyo. Andika na sababu. Kama karatasi yenu haina mahali pa kuandika sababu, mwambie mkubwa wako, hata kama wewe ni mdogo kuliko wote pale. Huenda asikusikilize.

Na ukikaa jikoni kwa mwanamke, akakujibu jibu ambalo mbavu za ndama zinalikataa, usimdharau. Kabla hujamuuliza anayo kiasi gani, mwambie pesa itaingia kwa jina la nani. Yule kijana hakuniambia hilo kwa kuwa hakuna aliyemtuma aniambie, na mimi sikuuliza kwa kuwa sikujua inaruhusiwa kuulizwa. Kama angeniambia naweza kuwa na akaunti yangu, ya maziwa ya jioni peke yake, sijui. Huwa nakomea hapo nikilifikiria, halafu natafuta kazi ya kufanya.

Mama Weldon atanichukia, na ana haki. Hilo niachie mimi, ni jirani yangu, si wako. Nitakwenda kwake kesho baada ya wewe kuondoka, nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba nimekukataza. Sitaki alisikie kwa mtu mwingine, wala sitaki adhani ni wewe uliyekataa. Kisha nitarudi kuchuma, kwa sababu gari la majani halimngoji mwenye huzuni.

Najua hutaruhusiwa kuja kuuliza katika nyumba yenu wenyewe. Watamtuma mwingine, msichana wa watu au kijana wa watu, na matope yatamfika magotini akifika hapa. Nitampa kiti. Ataniuliza maziwa ya asubuhi, nitasema hakuna. Ataniuliza ya jioni, nitasema hakuna, na hakuna ndama wa kusingizia. Ataniuliza watoto wangapi wanaishi katika nyumba hii. Hapo baba yako atatoka nje, namjua. Mimi nitakaa, nimtazame machoni, nimwambie hakuna, na nimngoje mpaka aandike.

Mama yako